Dakika Moja ya Busara

Ti, ti, ti, ti.

Sikudhani aliisikia sauti hiyo gizani kabla hajakumbuka leo ni siku gani. Hakuwa panya, wala halikuwa tone la bomba. Ni kikombe cha bati kilichokuwa kikigonga meno ya mwanawe. Tunu, mtoto wa miaka mitano, alikuwa ameketi kitandani peke yake anajaribu kunywa maji, na homa ilikuwa inamtikisa hata maji mengi yakaishia kifuani.

"Lete mama akushikie. Lete, kipenzi."

Tunu hakujibu. Ilikuwa wiki ya tatu sikio lake la kulia linatoka usaha, na tangu juzi nyuma ya sikio palikuwa pamevimba, pekundu, pa moto kama figa. Huyu alikuwa mtoto wa maneno mengi, mtoto wa "mama kwa nini" kutwa nzima mpaka unatamani kumpa kipande cha muwa apumzishe ulimi. Sasa siku ya nne hajatoa neno. Sikudhani angeuza nyumba ili aulizwe "kwa nini" moja tu.

Nje, ng'ombe wao Tulizo aligonga mlango wa banda kwa pembe. Kulikuwa kunakaribia kupambazuka, na ilikuwa Jumatatu. Na Jumatatu, katika Jamhuri ya Siha Njema, ni siku ya sindano.

*

Kwa msomaji ambaye hakubahatika kuzaliwa Siha Njema, ni vyema aelezwe. Ile ni nchi iliyobarikiwa. Haina ugonjwa hata mmoja ambao haujaruhusiwa na Wizara. Mheshimiwa Mlezi wa Taifa, mwenye huruma isiyo na breki, aliamua miaka mingi iliyopita kwamba kumngoja mnyama augue ndipo atibiwe ni ukatili. Kwa hiyo kila ng'ombe, kila mbuzi na kila kuku wa nchi ile huchomwa antibiotiki kila Jumatatu, awe mgonjwa, awe mzima, au awe amekwisha kufa lakini bado yumo kwenye orodha.

Kisha mataifa ya nje, ambayo hayana adabu, yakaandika barua. Yakasema dawa hizi zikitumiwa ovyo vijidudu huzizoea, vikawa sugu, na siku moja atakuja kuugua mtu na dawa isimfae kitu. Zitumieni kwa busara, barua ikasema.

Wizara ya Ng'ombe, Kuku na Utulivu ilikaa vikao arobaini na kimoja, viwili kati ya hivyo bila chakula cha mchana, ikatoa Sheria ya Busara. Tangu siku ile hakuna sindano inayochomwa bila kutanguliwa na dakika moja ya busara. Daktari wa mifugo anapuliza filimbi. Wote waliopo wanasimama wima, wanafumba macho, hawasemi, hawajongei. Wanawaza kwa busara kwa sekunde sitini. Filimbi ya pili ikilia, daktari anachoma.

Hivyo dawa ikaanza kutumiwa kwa busara. Ilikuwa dawa ileile, kwa kiasi kilekile, ila dakika moja baadaye.

Barua ilikuwa na aya nyingine, ya maziwa: ng'ombe akishachomwa, maziwa yake yasiuzwe mpaka siku saba kamili zipite na dawa imtoke mwilini. Wizara ikaipitisha bila kubadilisha hata nukta. Ulipita mwezi ndipo karani mmoja akagundua kwamba katika nchi ambamo ng'ombe wote huchomwa kila baada ya siku saba, siku ya nane haijawahi kufika. Karani akahamishiwa kisiwani. Lakini wakubwa hawakukwama. Sheria imesema yasiuzwe, je, imesema yasinywewe? Haikusema. Basi yatolewe bure kwa watoto wadogo, ambao hawajui kulalamika. Mpango ukapewa jina zuri, Kikombe cha Upendo, ukatungiwa na wimbo. Watu wazima wakawa wanakunywa maziwa ya unga kutoka kwa yale mataifa yasiyo na adabu.

Sikudhani alikuwa raia mwema. Tunu alikunywa vikombe viwili kila asubuhi, vya moto moto wa kiwele, bila kuchemshwa, kwa sababu wimbo ulisema upendo hauchemshwi. Na alinyweshwa kwa mkono wa mama yake huyuhuyu.

*

Daktari wa mifugo wa kata, Daktari Mfaume, alifika saa kumi na mbili kamili na pikipiki yake na filimbi yake shingoni.

"Mama Tunu! Tulizo hajambo?"

"Hajambo, daktari. Mzima kuliko mimi."

"Kiwele?"

"Laini kama andazi."

"Anakula?"

"Jana kala na kamba."

"Basi hana ugonjwa," alisema Daktari Mfaume, akavuta dawa kwenye bomba la sindano.

"Sasa kama hana ugonjwa unamchoma nini?"

"Jumatatu," akajibu. "Namchoma Jumatatu."

Alipuliza filimbi. Wakasimama, wakafumba macho. Kwa miaka yote Sikudhani alikuwa akiitumia dakika ile kuwaza mboga ya jioni. Leo aliwaza sikio. Aliwaza dawa nyeupe ambayo haikusaidia, na ya njano ambayo haikusaidia, na ya waridi ambayo Tunu aliimeza yote akalamba na kijiko, nayo haikusaidia. Filimbi ya pili ililia, sindano ikaingia shingoni mwa Tulizo, na Tulizo, aliyezoea, hata hakuacha kucheua.

"Daktari," Sikudhani alisema, "nikikuuliza utanijibu wewe, au itanijibu Wizara?"

Mfaume alitazama njiani. "Uliza kabla Wizara haijaamka."

"Sikio la mwanangu na sindano za ng'ombe wangu ni ndugu?"

Daktari akafunga mkoba wake polepole, bizimu moja, la pili. "Ukichoma kila wiki, dada yangu, vijidudu dhaifu vinakufa. Vinavyobaki ni vile visivyosikia dawa. Hivyo ndivyo vinavyozaana. Viko kwenye kinyesi, kwenye mikono yangu, kwenye maziwa mabichi. Mtoto akivipata, unamwita nani?"

"Na hili ulilijua?"

"Nilisoma miaka mitano. Mwaka mmoja walinifundisha namna ya kuchoma. Minne walinifundisha lini nisichome. Hiyo minne sijaitumia hata siku moja."

"Kwa nini, Mfaume?" Alisahau hata kumwita daktari.

"Fomu yangu ina safu ya nilizochoma. Safu ya nisizochoma haipo."

Akawasha pikipiki. Kisha akaizima, akasema bila kugeuka, "Maziwa ya wiki hii usimpe." Akaiwasha tena, akaondoka.

*

Kwenye zahanati, Sista Ferista, muuguzi ambaye huimba puani wakati wote wa kazi, alibonyeza nyuma ya sikio la Tunu, akaacha kuimba.

"Dawa zote tatu?"

"Zote, Sista. Nimepima kwa kijiko chenu, sikuruka hata mara moja."

Sista Ferista alivuta fomu ya Wizara. Ilikuwa na visanduku viwili tu. Kimoja kimeandikwa *Amepona*. Cha pili, *Anaendelea Kupona*.

"Niweke tiki wapi hapa, mwanangu? Niambie wewe."

"Huyu haponi."

"Najua haponi. Nimekuuliza niweke wapi." Aliisukuma fomu kando, akashusha sauti. "Ipo dawa ya nne. Ya sindano, vichupa vitano, siku tano. Hiyo vijidudu bado havijaizoea, kwa sababu haijawahi kutumika hapa kwetu. Kisanduku kimoja tu, kimo kwenye friji ya Wizara. Uende leo. Huu uvimbe uko jirani na ubongo. Sikufichi, siku mbili, na hizo mbili namwomba Mungu."

Sikudhani akamfunga Tunu mgongoni kwa kanga, mtoto wa miaka mitano, miguu inaning'inia mpaka magotini mwa mama, akaenda Wizarani. Njia nzima alikuwa anasikia joto la shavu lile mgongoni mwake, na njia nzima alikuwa anahesabu vikombe. Viwili kwa siku. Kwa wiki kumi na nne. Kwa mwaka aliacha kuhesabu.

*

Mkurugenzi Mkuu wa Busara, Bwana Ndimbwelu, alikuwa na ofisi kubwa yenye friji nyuma ya kiti chake. Friji ilikuwa na kufuli, na juu yake kitambaa cha kufuma chenye maua.

"Aa! Mama Busara mwenyewe!" alisema kwa furaha. Maana kesho yake, Jumanne, ilikuwa Siku ya Busara Kitaifa, na Sikudhani ndiye aliyechaguliwa kupewa nishani, kwa kuwa ng'ombe wake hajawahi kulia ndani ya dakika. "Uvae kijani, eh? Kamera inapenda kijani."

"Mheshimiwa, mwanangu anakufa."

"Pole sana. Kwa kibali cha nani?"

"Sikio, mheshimiwa. Dawa tatu zimeshindwa."

Bwana Ndimbwelu akainua kidole, kwa upole, kama mwalimu. "Dawa za Siha Njema hazishindwi. Hilo limo kwenye wimbo. Je, kabla ya kunywa, mtoto alisimama wima dakika moja?"

"Ana homa, mheshimiwa. Hawezi hata kukaa."

"Ndiyo hapo sasa."

"Naomba dawa ya nne. Ile iliyomo humo," akaelekeza friji. "Nitapiga magoti ukitaka." Na kabla hajajibiwa alikuwa ameshapiga, na Tunu mgongoni, kichwa kimelala upande.

Mkurugenzi akatazama mlango, akainama. "Mama, nikwambie siri ya nchi. Ile dawa ina mwenyewe. Ng'ombe wa Taifa ameugua kiwele. Tumemchoma zote tatu."

"Zikashindwa!"

"Zikapumzika. Kwa ng'ombe tunasema zimepumzika. Kesho jukwaani Daktari Mfaume atamchoma vichupa vyote vitano kwa mpigo, mbele ya Mheshimiwa Mlezi, taifa lione ng'ombe wake akitibiwa kwa busara." Akanyoosha tai. "Wewe ni mfugaji, bila shaka unafurahi."

Msomaji, Sikudhani alisema ahsante. Ndivyo walivyolelewa nchi ile. Alisema ahsante akiwa ameinuka, akasema tena mlangoni, na alipofika nje kwenye ngazi akakaa chini akauma ncha ya kanga mpaka ikatoboka, ili mtoto asisikie kilio. Kisha akakumbuka kwamba mtoto, kwa homa ile, hasikii tena kitu. Akalia kwa sauti.

*

Siku ya Busara Kitaifa ilikuwa ya kupendeza mno. Kulikuwa na kwaya, bendi na mapambo. Ng'ombe wa Taifa alipanda jukwaani kwa zulia, na cheo chake kikasomwa chote. Mheshimiwa Mlezi alihutubia saa mbili na nusu.

"Wananchi!" alisema. "Wako wanaotumia dawa bila kufikiri. Sisi tunafikiri! Wako wanaofikiri bila kutumia dawa. Sisi tunatumia! Nani kama sisi?"

"Hakunaaa!" umati ukaitikia.

Sikudhani alikuwa jukwaani, amevaa kijani, Tunu amefungwa mgongoni. Walimkataza, akasema basi na nishani asipewe, wakamwacha. Mtoto alikuwa hatetemeki tena. Hilo ndilo lililomtisha mama kuliko yote. Homa ilipokuwa inamtikisa alijua yumo.

Daktari Mfaume alisimama ubavuni mwa Ng'ombe wa Taifa. Mkono wa kulia bomba la sindano, bado tupu. Mkono wa kushoto, kiganja wazi, kisanduku kidogo cheupe. Vichupa vitano. Sikudhani alikuwa hatua nane kutoka kiganja kile.

Filimbi ikalia.

Uwanja mzima ulisimama wima ukafumba macho. Mlezi alifumba. Mawaziri, walinzi na bunduki zao, mpiga picha na kamera yake, kwaya na midomo iliyobaki nusu wazi, wote wakafumba. Nchi nzima ilikuwa inawaza kwa busara. Na kwa sheria ileile, asiwepo wa kusema, wa kujongea, wala wa kuona.

Sikudhani akafumbua.

Alitoa ndala. Hatua ya kwanza ubao ulilia, hakuna kope iliyocheza. Ya pili. Ya tatu. Nishani ya Mama Busara ilikuwa mezani kwenye sahani, akaipita. Alipofika kwa Daktari Mfaume aliona kope zake zimebanwa mpaka zinatetemeka, na jasho limefika kwenye filimbi. Akanyoosha mkono. Na kile kiganja, bila mwenyewe kufumbua macho, kikainuka kidogo, kama cha mtu anayekukaribisha embe.

Akachukua. Akateremka ngazi za nyuma. Akakimbia.

Waliokuwepo wanasema dakika ya siku ile ilikuwa ndefu. Saa ya uwanjani ilionyesha karibu dakika nne. Lakini filimbi iko mdomoni mwa daktari wa mifugo, na raia mwema hafumbui macho kukagua busara.

*

Kamati ya Uchunguzi iliundwa jioni ileile. Ikahoji watu mia tatu, na wote walithibitisha kwamba hawakuona kitu, maana aliyeona alikuwa amefumbua, na aliyefumbua amevunja Sheria. Ikabidi Wizara itangaze kwamba dawa ilimwingia Ng'ombe wa Taifa yenyewe, kwa nguvu ya busara. Daktari Mfaume alilala siku tatu bandani mwa ng'ombe huyo, akamkamua kila baada ya saa mbili na kumkanda kiwele kwa kitambaa cha maji ya moto. Chuchu moja ikakauka, tatu zikapona. Kwenye fomu hakukuwa na safu ya kukanda, akaiacha tupu.

Sista Ferista alichoma kichupa cha kwanza Jumanne adhuhuri, haimbi. Jumatano, homa palepale. Sikudhani aliweka godoro la mtoto karibu na mlango ili asikie pumzi yake hata akiwa bandani. Asubuhi na jioni alimkamua Tulizo, akaibeba ndoo mpaka kwenye shimo la nyuma ya nyumba, akamwaga.

"We Mama Tunu!" jirani yake Mama Shani aliita juu ya ua. "Unamwaga Upendo? Umerogwa?"

"Ya ng'ombe aliyechomwa hayo, Mama Shani. Wako usimpe."

"Nisimpe! Mbona wewe umempa miaka yote?"

Sikudhani aliishika ile ndoo tupu kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa mwenzake. "Ndiyo," alisema mwishowe. "Nimempa."

Jioni ile Sikudhani alisikia maziwa yakimwagwa chini, upande wa pili.

Alhamisi uvimbe ukasimama. Ijumaa ukarudi nyuma upana wa ukucha. Jumamosi, kichupa cha tano, Sista Ferista alianza kuimba puani, akajikatiza mwenyewe kama aliyeogopa kuita mkosi. "Tungoje," alisema. "Kama vimekufa, atasema. Kama havijafa, mwanangu, hakuna dawa ya tano." Jumapili Tunu alilala kutwa, ngozi imepoa. Hakusema neno.

*

Jumatatu Daktari Mfaume alichelewa. Katika miaka tisa hajawahi kuchelewa. Saa kumi na mbili ikapita. Saa moja ikapita, na Sikudhani akaketi akamkamua Tulizo, na alipokuwa anakamua alihesabu. Siku saba kamili na saa moja juu yake. Ndani ya ndoo ile kulikuwa na siku ya nane. Haijawahi kuonekana katika Jamhuri yote. Aliyachemsha, kwa kuwa wimbo alikuwa ameshauacha, akayaweka kizingitini ndani ya sufuria yapoe, akafunika na sahani.

Saa mbili ndipo pikipiki ikafika, na nyuma yake gari la Bwana Ndimbwelu, limejaa vumbi, maana Mkurugenzi hajui njia za wafugaji na ilibidi amfuate daktari kila alikopita.

"Tairi lilikuwa na upepo pungufu," Mfaume alisema, hakumtazama mtu.

"Mama Busara!" Bwana Ndimbwelu alishuka na nishani mkononi. "Uliisahau hii. Wizara haipendi nishani zizagae. Na nimepata fununu kwamba huku kuna watu wanamwaga Upendo. Nimekuja kushuhudia sindano mimi mwenyewe. Daktari, anza."

"Mheshimiwa, huyu ng'ombe haumwi," alisema Sikudhani.

"Nani kauliza kama anaumwa?"

Daktari Mfaume akavuta dawa kwenye bomba. Ilichukua muda mrefu. Akakaribia shingo ya Tulizo, akapuliza filimbi.

Mkurugenzi alisimama wima kama mlingoti, akafumba macho, uso umejaa busara. Dereva wake akafumba ndani ya gari. Mama Shani, juu ya ua, akafumba.

Sikudhani hakufumba. Aliweka kiganja chake shingoni mwa Tulizo, palepale sindano inapoingilia. Alimtazama Mfaume, na Mfaume akafumbua jicho moja, kisha la pili, wakabaki wanatazamana. Yeye bomba mkononi, filimbi mdomoni. Akipuliza, achome. Sekunde thelathini zikapita. Sitini. Mashavu ya daktari yalijaa pumzi, yakapwaya, yakajaa tena. Sabini. Filimbi haikulia.

Nyuma yao mlango ulifunguliwa polepole. Tunu alisimama kizingitini, bandeji sikioni, nywele zimelala upande mmoja, kikombe cha bati ameshika kwa mikono miwili. Akawatazama wakubwa waliofumba macho. Akaitazama sufuria.

Tangu Sheria ya Busara itungwe, hakuna aliyewahi kusema ndani ya dakika.

"Mama, nataka maziwa."